Saruji Ipi?

Vijana wangu, Aziza, mhandisi wenu, kaniomba nikuandikieni kurasa chache juu ya kazi ya kutengeneza majengo ya zamani, nyinyi mnaoianza sasa pale kwenye msikiti wa udongo, Bawshar, hapa Maskati. Kasema, “Andika chochote, ami, hata vichekesho.” Vichekesho ninavyo. Lakini lipo jambo moja ambalo nisipoliandika, vichekesho vyote vitakuwa uongo. Kwa hiyo nitaliendea polepole, na nikionekana nazunguka sana, mjue ni aibu inayonizungusha.

Kwanza mjue nani anayekuambieni. Shule niliiacha darasa la sita, Unguja, siku mwalimu aliponitoa nje kwa kuuliza maswali mengi, na mimi nikaona huko nje kuna mambo zaidi. Tangu hapo sikutulia. Nimeoka mikate Tanga, nimetengeneza redio Mombasa, nimepaka rangi matangi ya maji Dubai. Maskati nilikuja kumzika ami yangu, nikabaki. Kila kazi nilikaa nayo mpaka nijue inavyofanywa, nikishajua naondoka. Kazi ya udongo ndiyo pekee niliyoiacha nikairudia, nikaiacha nikairudia.

Aliyenifundisha ni Fundi Khalfan. Huyu alikuwa mtu wa Bawshar, hakuwahi kuvuka bahari hata mara moja. Kiswahili alifundishwa na mkewe aliyezaliwa Unguja, kwa hiyo kilikuwa Kiswahili cha nyumbani: anajua kuomba chai, anajua kugombeza watoto, anajua majina ya samaki ambao hajawaona. Maneno ya kazi alikuwa nayo kwa Kiarabu tu. Na mimi Kiarabu changu siku zile kilikuwa cha chuo cha Kurani: nasoma vizuri, sielewi kitu.

Siku yangu ya kwanza nilikuwa juu ya ngazi, nikamwambia, “Fundi, nipe mwiko.”

Akanitazama. “Mwiko? Unapika nini huko juu?”

“Mwiko wa kupigia plasta.”

“Wallahi nyinyi watu wa Unguja! Ukuta mnaupakua kama wali.”

Basi tangu siku ile nikichelewa kazini swali ni moja tu: wali umeiva? Nilicheka sana. Nilitakiwa nielewe pale pale kwamba neno moja linaweza kuwa vitu viwili kati yangu na yeye. Nilicheka tu.

Mengi mazuri nimeyapata kwake. Alinifundisha kuugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, sikio likiwa karibu, kama mtu anayechagua tikiti sokoni. Plasta iliyoshika hujibu kwa sauti nzito, iliyoachana na ukuta hujibu kama debe tupu. Alinifundisha kuunywesha ukuta maji kabla ya kuupaka, kwani ukuta wenye kiu hunyonya maji ya plasta yote, asubuhi unakuta imekauka na kupasuka. Mimi siku moja nilisahau. Alifika, akaona nyufa, akakaa chini akaniambia kwa utulivu, “Mnyonge huyu ulimpa chakula kikavu.” Basi. Hakunigombeza kamwe. Ingekuwa alinigombeza kila siku, pengine ningezoea kukiri makosa.

Sasa huo msikiti. Nyinyi mmeukuta umezungushiwa mabomba ya chuma na vibandiko vya vipimo. Mimi niliukuta unasaliwa, una mikeka na harufu ya udi. Hauna mnara, misikiti ya zamani ya huku haina. Una ngazi ya kupandia darini, na juu ya ngazi kijumba kidogo kama kofia, pale aliposimama muadhini. Mlango ni mfupi, kila aingiaye anainama. Ukuta wa kibla ni mnene kuliko mkono wangu ulionyooshwa. Umri wake hakuna aujuaye. Wazee walikuwa wakihesabu kwa mababu, wakifika babu wa saba wanabishana na kuanza upya.

Ndani kulikuwa na mihrabu, kile kishubaka kikubwa anaposimama imamu, iliyochongwa kwa jasi. Nyota, maua, misuko ya mistari, vyote vilichongwa jasi ikiwa mbichi, na mtu aliyejua kwamba hana nafasi ya kukosea. Katikati ilipachikwa sahani ndogo ya kichina, ya buluu na nyeupe. Chini ya sahani mstari wa maandishi: “Kazi ya”, kisha jina lililolika, kisha “bin Masoud”. Jina la baba lilisalia, la fundi mwenyewe lilikuwa limeliwa na miaka. Wazee walimwita Bin Masoud tu, na walimzungumza kama jirani aliyehama juzi. Mmoja alisema alikuja kwa miguu kutoka milimani, akalipwa tende. Mtunza msikiti alikuwa na hadithi yake, na hiyo ndiyo niliyoipenda: kwamba sahani ilikuwa ya kulia Bin Masoud mwenyewe, na siku alipomaliza kazi akaipachika ukutani ili asipate sababu ya kukaa kula tena hapo. Mtu anayemaliza akaondoka. Nikasema, huyu ni ndugu yangu.

Tuliitwa kwa sababu nje ya ukuta wa kibla, kuanzia chini mpaka kiunoni, plasta ilikuwa imeoza kwa unyevu. Nilipoibandua nilikuta alama za vidole vinne vilivyoburuzwa kwenye udongo wa ndani, kile kidogo kimepinda. Nikaweka vyangu juu yake.

Kazi ikiwa nusu, zamu ya Fundi hospitali ikafika. Jicho lake la kulia lilikuwa na mtoto wa jicho, la kushoto nalo linaanza. Kabla hajaondoka alinishika bega mbele ya ukuta, mtunza msikiti akiwapo.

“Huyu,” akamwambia, “anajua kazi kuliko mimi.” Kisha kwangu, akionyesha kwa fimbo: “Kutoka hapa mpaka hapa, saruji. Juu yake udongo na makapi. Usichanganye. Chini saruji tu, nimekuwekea tayari.”

“Saruji,” nikasema.

“Saruji,” akasema.

Tulikubaliana kabisa.

Mifuko ya saruji ilikuwepo kweli, ya kujengea mahali papya pa kutawadhia. Pembeni, chini ya makuti, palikuwa na lundo la unga mwekundu uliochekechwa vizuri. Mimi, mtu niliyefukuzwa darasani kwa maswali, nililitazama lile lundo nikataka kuuliza, hili la nini? Swali lilifika mpaka mdomoni. Lakini nilikuwa nimeambiwa sasa hivi, mbele ya mtu, kwamba najua kazi. Nikalimeza.

Nikachanganya saruji, nikaupiga ukuta. Kazi ambayo Fundi aliipangia wiki tatu niliimaliza siku mbili na nusu, nikajiona bingwa. Juu nikapaka maji ya udongo ili rangi ifanane. Kisha nikaona njia ya kutoka mlangoni mpaka penye maji ya kutawadhia ina matope, wazee wanateleza. Nikalichukua lile lundo jekundu lote, nikalimwaga njiani, nikalinywesha maji, nikalishindilia, juu nikatandaza mchanga. Nikasema nimepata na thawabu.

Fundi alirudi na jicho limefungwa. Akaupapasa ukuta kwa viganja vyote viwili, polepole, kama anavyopapaswa farasi.

“Saruji yote imeingia?”

“Yote, Fundi.”

“Umeipiga?”

“Nimeipiga.”

Akagonga kwa fimbo. Akawageukia waliokuwa wakitoka kusali alasiri. “Njooni msikie hii! Gumu kama jiwe! Mtoto wa Unguja huyu, na nyinyi vijana wenu wamekaa ofisini na kiyoyozi.” Watu wakanipa mkono mmoja mmoja.

Mwezi haukupita tukaenda kazi nyingine, kijiji cha mbali. Fundi akaniambia tuanze na tanuri. Tukachukua udongo wa bustani ya mitende, tukaukanda kama maandazi makubwa, tukayakausha, tukayapanga juu ya magogo ya mitende, tukayachoma siku kadhaa. Kisha tukayaponda na kuyachekecha. Ukatoka unga mwekundu. Fundi akauchota, akautia ndani ya kopo la maji, akanionyesha. “Angalia. Ukigeuka tope, haukuiva, choma tena. Huu umetuama chini kama mchanga. Hii ndiyo saruj nzuri. Kama ile ya msikitini.”

Saruj. Hapo ndipo niliposikia kwamba neno lake halina ile i ya mwisho. Mimi masikio yangu yalikuwa yameiongeza, kama ulimi wetu unavyoongeza kila neno la mgeni. Sisi watu wa Unguja saruji ni ile ya mfukoni, ya kiwandani. Kwake yeye na mababu zake saruj ni udongo uliochomwa, na ile ya mfukoni waliiita ismiti. Alikuwa amesimama na kopo mkononi, ananisubiri niseme kitu.

“Ndiyo,” nikasema. “Kama ile ya msikitini.”

Kosa la kwanza ni la masikio, na hilo nimeshajisamehe zamani. La pili, ile “ndiyo”, nililisema nikijua.

Nilijipa sababu. Ukuta umesimama. Ni mgumu. Fundi amenisifu mbele za watu, nikisema sasa namwaibisha yeye. Nitasema mwezi ujao. Halafu nikafanya ninachojua kufanya, nikaondoka. Nikaendesha lori la maji, nikauza vipuri vya friji Khuwair ya Kusini, nikaajiriwa na mtu mwenye ngamia.

Sababu zangu zote zilikuwa mbovu, na ubovu wake nyinyi mnaujua sasa kwa vipimo. Ukuta wa udongo unapumua. Maji hupanda kutoka ardhini, saruj huyaachia yatoke nje taratibu. Saruji ya kiwandani huyafungia ndani. Yakifungiwa hayarudi chini, yanapanda juu yakitafuta pa kutokea, yamebeba chumvi. Yakaikuta jasi ya Bin Masoud.

Mwaka wa saba tangu kazi ile, baada ya mvua kubwa, mihrabu ilianguka. Nusu ya chini yote, muda mfupi kabla ya adhuhuri, hakuna aliyeumia. Mtunza msikiti alinipigia simu, nikaenda. Nyota na maua yalikuwa unga juu ya mkeka. Sahani ilikuwa vipande. Ule mstari wa maandishi niliutafuta kwa mikono yangu miwili katika vumbi, nikapata kipande kimoja chenye herufi moja, na kilipoguswa kikamomonyoka.

Fundi Khalfan alikuwa amekaa kwenye kizingiti. Watu wakisema, na hawakusema kwa sauti ndogo, “Macho yake yalikuwa yamekwisha. Hakuichoma vizuri ile saruj.” Mmoja aliyenipa mkono siku ile ndiye aliyesema zaidi.

Fundi akaniuliza, “Au haikuiva, mwanangu? Mimi niliitazama kwa jicho moja.”

Nikamjibu, “Mungu ndiye ajuaye, Fundi.”

Mungu alijua, na mimi nilijua. Tulikuwa wawili tunaojua.

Hakuitwa tena kazini. Alihamia kwa binti yake Moza, Mawaleh, na mimi wakati huo nilikuwa nikipakua matikiti soko la mboga, karibu na kwao. Nikawa napita kumwangalia. Nikamkuta uani kajenga tanuri dogo la matofali. Anachoma udongo kidogo kidogo, wa hapa na wa pale, moto mwingi na moto kidogo, anaukoroga, anaujaza ndani ya makopo ya nyanya, anausubiri ukauke. Anatafuta alikosea wapi. Makopo yamepangwa juu ya ukuta wa ua kama watoto wa shule.

“Niletee udongo wa Bawshar,” aliniambia, “ule ule, wa bustani nyuma ya msikiti.”

Nikamletea. Ijumaa baada ya Ijumaa nilimbebea udongo begani, nikamsaidia kuponda, nikamsaidia kulitafuta kosa lililokuwa limekaa mbele yake likinywa kahawa yake. Moza alikuwa akinishukuru mlangoni: “Wewe ndiye mtoto wa kiume ambaye baba hakumpata.” Nilikula maneno hayo pamoja na tende.

Aliniomba mara moja tu nimwambie kweli. Aligonga kopo moja, likajibu kwa sauti nzito, zuri. Akagonga jingine, na jingine. “Yote mazuri,” akasema. “Hakuna lililopasuka. Basi mle ukutani kulikuwa na nini?” Akanigeuzia uso, macho yake hayaoni tena. Nikamwambia muadhini anaadhini, nikanyanyuka.

Alikufa makopo yakiwa bado ukutani.

Nimeandika hayo, sasa mwenzenu Aziza anajua kilichobaki. Mwaka huu alinipigia simu. Kasema serikali ya mtaa inaurudisha msikiti, yeye ndiye mhandisi, na pataandikwa kibao cha historia yake. Wazee wamemwambia ukarabati wa mwisho ulikuwa wa Khalfan na saruj yake haikuiva. “Ami, nakutaka unithibitishie tu, kisha niandike.”

Nikaja. Mlikuwa mmeshaubandua ule ukuta. Otieno, mwenzenu wa Kisumu, alikuwa amepiga magoti na patasi, jasho linamtoka, akaniangalia. “Mzee, shikamoo. Niambie, hii simiti iliingiaje huku? Nani alifanya ufala huu?”

Laiti ningezaliwa Kisumu. Angesema Fundi saruj, ningeuliza ni kitu gani, kwa kuwa neno langu lingekuwa jingine.

Aziza, mtoto wa nyumba za Unguja kama mimi, akasema, “Ami, saruji hii tuitoe yote?”

Na mimi, kwa mara ya kwanza, nikauliza: “Saruji ipi?”

Akadhani sijasikia. Nikaketi kwenye kizingiti pale pale alipoketi Fundi, nikawasimulia wote wawili. Otieno aliweka patasi chini. Sijui nani kati yetu aliona haya zaidi, yeye kwa lile neno au mimi kwa kustahili. Aziza alichukua sururu, akaenda njiani, akakwangua mchanga. Chini yake kulikuwa kwekundu. Akagonga. Kukajibu kwa sauti nzito. Mafuriko mangapi yamepita juu ya njia ile, nayo haina ufa.

“Nitaandika kibao upya,” akasema. “Lakini binti yake yuko hai, siyo?”

Nilikwenda Mawaleh. Moza alinifungulia, akaniketisha, nikamwambia kabla hajafika jikoni. Akarudi akasimama.

“Ule udongo. Ulikuwa ukimbebea huku unajua?”

“Nilikuwa najua.”

“Kila Ijumaa.”

“Kila Ijumaa.”

Moza akasema, “Mimi siwezi kukusamehe kwa niaba yake. Wala kibao cha chuma sikitaki, kitang’olewa. Baba alihukumiwa na ukuta. Nenda kaandike ukutani.”

Siku ile sikupewa kahawa. Nyumba ya Kiomani, mgeni ameketi, na sikupewa kahawa. Nilielewa, nikavaa viatu vyangu.

Mlipoitoa saruji yangu mliacha kipande kimoja upana wa mkeka wa kusalia, kwa sababu Aziza anataka watu waone ubaya wake. Hapo ndipo nilipochonga. Jasi mbichi huchongwa kama jibini. Saruji ya miaka ile ni kama kuchonga chuma, patasi zangu tatu zimeharibika, na Otieno alikuwa akizinoa bila kuombwa. Nimefuata mtindo wa Bin Masoud, herufi zile zile ninavyozikumbuka: “Si kazi ya Khalfan. Kazi ya Suleiman.” Jina la Bin Masoud lilianguka kwa sababu yangu, langu limebaki, na halitatoka kirahisi.

Jana Moza alikuja. Alisoma, akapitisha kidole kwenye jina la baba yake, kwenye langu hakupitisha. Hakunisalimia. Alimuuliza Aziza ile njia ni ipi, akaonyeshwa. Basi akavua viatu, ingawa pale ni nje na jua lilikuwa kali, akatembea miguu mitupu kutoka mlangoni mpaka penye maji, akarudi, akaenda tena.

Otieno akaniinamia. “Mzee, na hiyo anayokanyaga, ni simiti pia?”

“Hapana,” nikamwambia. “Hiyo ndiyo saruj.”